Bunduki ya kulenga mbali: kwa nini ‘SAR’ haimfai mkulima wa Mtawanya

MSOMAJI wa magazeti nchini amezizoea herufi SMG na SAR. Huzikuta katika habari za uporaji, katika taarifa za makamanda wa polisi wa mikoa na katika orodha za vielelezo vinavyofikishwa mahakamani. Ni wachache, hata hivyo, wanaojua kwamba bunduki hizo mbili, ambazo hutumia risasi za aina moja, hazifanyi kazi kwa namna moja. Wachache zaidi wanajua kwamba zote zinatoka katika ukoo mpana ambao, kwingineko duniani, wapenzi wa shabaha hutumia fedha nyingi kuuchambua ili kujiundia bunduki ya kulenga mbali bila kukosa.

Ukoo huo ni wa raifo zinazojipakia zenyewe. Mtu akivuta kifyatulio mara moja hutoka risasi moja. Kisha bunduki yenyewe hulitupa nje ganda tupu, hujikoki na kuingiza risasi nyingine katika chemba, tayari kwa mvuto wa pili. Ile inayoendelea kutema risasi kwa muda wote kifyatulio kinaposhikiliwa ni otomatiki kamili. SMG ina kitenzo cha kuchagua kati ya hali hizo mbili. SAR haina, mvuto mmoja, risasi moja.

Swali la bunduki ipi katika ukoo huo inafaa kugeuzwa ya usahihi laweza kuonekana kuwa anasa ya matajiri wa Marekani. Wilayani Kibiti, mkoani Pwani, lina uzito mwingine.

Wakazi wa kata ya Mtawanya, kama wenzao wa kata nyingine za wilaya hiyo iliyomegwa kutoka Rufiji, wana kumbukumbu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni ya simba. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 watu 35 waliuawa na simba katika vijiji vinane vya Rufiji. Simba aliyeuawa na askari wa wanyamapori Aprili 2004, ambaye wananchi walimpa jina la Osama, alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Rolf Baldus, Mjerumani aliyekuwa mshauri katika Idara ya Wanyamapori, aliyachapisha maelezo ya jino hilo miaka miwili baadaye.

Ya pili ni ya mwaka 2017. Jioni ya Aprili 13 mwaka huo, polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa wakiwa njiani wilayani Kibiti, na waliowaua wakatoweka na silaha zao. Viongozi kadhaa wa vijiji na vitongoji nao waliuawa katika kipindi hicho, na Serikali ikalazimika kuunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji.

Kumbukumbu ya kwanza humfanya mkulima atamani kuwa na bunduki nzuri ndani ya nyumba. Ya pili humfanya jirani yake aingiwe na hofu akiiona.

Kati ya tamaa hiyo na hofu hiyo ndipo linapoingia suala la aina. Mtu wa Dar es Salaam mwenye shamba la mikorosho au mpunga upande wa kusini, aliyetazama filamu na kusoma majarida ya wawindaji wa nje, huja na fikra kwamba bunduki bora ni ile inayopiga haraka na kupiga mbali. Mambo hayo mawili, ya haraka na ya mbali, ni nadra kukaa pamoja bila moja kulilipia jingine.

Usahihi wa raifo hupimwa kwa kuangalia risasi kadhaa zilizopigwa kwa kulenga nukta moja zimetawanyika kiasi gani. Wapimaji hutumia pembe: nyuzi moja hugawanywa katika dakika 60, na dakika moja ya pembe, katika umbali wa mita 100, ni sawa na upana wa sentimita 2.9 hivi. Kadiri umbali unavyoongezeka, ndivyo upana huo unavyokua. Raifo ya dakika moja huziweka risasi zake ndani ya duara la sentimita tisa katika mita 300. Raifo ya dakika nne, katika umbali huohuo, huzitawanya ndani ya duara la sentimita 35.

SAR na SMG zilizo katika hali nzuri, zikilishwa risasi za kijeshi za kawaida, huangukia kati ya dakika tatu na tano. Hilo si kosa la fundi aliyezitengeneza. Zilikusudiwa ziwe hivyo.

SAR ni mfano wa Kichina wa bunduki iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. SMG, kwa lugha ya polisi na wanajeshi wa Tanzania, ni ile ya Mikhail Kalashnikov ya mwaka 1947, nayo mara nyingi ikiwa imetengenezwa China. Zote zilifika nchini kwa wingi baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 na kuundwa kwa JWTZ Septemba mwaka huo, Tanzania ilipogeukia China kwa mafunzo na zana. Vijana wengi waliopita Jeshi la Kujenga Taifa walijifunza kulenga kwa SAR, na wapo wazee mijini ambao hata leo wanaweza kuifungua na kuifunga wakiwa wamefumba macho.

Sifa yao kubwa ni uvumilivu. Sehemu zinazotembea ndani ya SMG zimeachiwa nafasi ya kutosha ili mchanga, matope na masizi ya baruti visizikwamishe. Nafasi hiyohiyo ndiyo adui wa usahihi, kwa kuwa kitu kilicholegea hakirudi mahali pake palepale kila mara. Pistoni nzito hupigwa na gesi na kukimbia nyuma wakati risasi bado iko ndani ya mtutu au ndiyo kwanza inatoka, na mtetemo huo huusukuma mtutu kidogo upande huu au ule.

Ipo pia shida ya darubini. Mfuniko wa juu wa SAR huvuliwa kila bunduki inaposafishwa. Mtu akiifunga darubini juu ya mfuniko huo, akaurekebisha vizuri asubuhi, jioni baada ya kusafisha hatajua tena risasi itakwenda wapi. Mafundi wamebuni vishikizo vya kila namna vya kuikwepa kasoro hiyo, na baadhi vinafanya kazi. Lakini gharama ya kuifanya SAR ilenge kama raifo ya usahihi hufika haraka mahali ambapo ingenunuliwa raifo nyingine iliyozaliwa na sifa hiyo.

Basi ni ipi iliyozaliwa nayo? Hapa yafaa kutazama nje ya mipaka, kwa kuwa majeshi na askari wa wanyamapori wa Afrika Mashariki wenyewe hawakuchagua njia moja.

Kenya, iliyobaki karibu na nchi za Magharibi, iliingiza FAL ya Ubelgiji na G3 ya Ujerumani, zote za risasi kubwa ya milimita 7.62 kwa 51. G3 imebaki kuwa bunduki inayojulikana mikononi mwa askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya. Mtutu wake ni mzuri, na ndiyo maana kiwanda cha Heckler & Koch, baada ya mauaji ya wanamichezo wa Israel katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kiliichukua G3 na kuizalia PSG1, raifo ya kujipakia yenye sifa ya usahihi wa hali ya juu kabisa kwa wakati wake. Bei yake ilikuwa ya kutisha, na uzito wake ulizidi kilo saba.

Anayetaka kuijenga G3 ya kawaida kufikia hapo hukutana na vizuizi viwili. Kifyatulio chake ni kizito na chenye kukwaruza, jambo linalomfanya mlengaji aitikise bunduki kwa kidole chake mwenyewe. Kisha hulitupa ganda tupu kwa nguvu kubwa, mita kadhaa, likiwa limebonyea na kuchorwa mistari. Wapenda shabaha wa nje hujaza upya maganda yao kwa kipimo walichokipima wenyewe, maana risasi zinazofanana ndizo zinazotua mahali pamoja. Ganda la G3 halipendwi kwa kazi hiyo.

FAL ni bunduki ya heshima, imara, na imepigana karibu kila pembe ya Afrika. Bolti yake hujifunga kwa kuinama na kuegemea upande wa nyuma, mbali na mdomo wa mtutu, na mfuniko wake wa juu ni bati jembamba. Kwa askari hilo si tatizo. Kwa anayetafuta dakika moja ya pembe, ni mlima.

M14 ya Marekani ni hadithi ya namna yake, na ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu mazingira kama ya delta ya Rufiji. Katika vita vya Vietnam jeshi la Marekani liliteua M14 zilizokuwa na mitutu bora, likazifunga darubini na kuziita M21. Usahihi wake ulitegemea jinsi chuma kilivyokaa ndani ya kitako cha mbao. Lakini mbao hunywa unyevu na kuvimba, ikikauka husinyaa, na kila inapobadilika hulikandamiza chuma kwa namna mpya. Ilibidi mbao hizo zinyweshwe gundi ngumu ili zisitii hali ya hewa. Mtu anayeijua hewa ya mikoko ya Rufiji, ambako hata mlango wa nyumba hukataa kufunga wakati wa masika, hahitaji kuelezwa zaidi.

Inabaki familia ya AR, ambayo ndiyo inayotawala uwanja huu leo. Ilibuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950. Kwanza ilikuja AR-10, ya risasi kubwa. Kisha AR-15, ndogo, ambayo jeshi la Marekani liliipa jina la M16. Wengi hudhani AR-10 haikupata kukanyaga Afrika. Sudan iliagiza kiasi cha 2,500 mwaka 1958, na Wareno waliwapa askari wao wa miavuli waliopigana Angola na Msumbiji, ng’ambo ya mto Ruvuma.

Siri ya familia hiyo ni mahali bolti inapofungia. Meno ya bolti hujibana moja kwa moja katika kipande kilichoshikamana na mtutu, hivyo nguvu ya mlipuko hubebwa na mtutu na bolti, na mwili wa bunduki, ambao ni wa aluminiamu, haubebi mzigo mkubwa. Mtutu waweza kuzungukwa na kishikio kisichougusa popote isipokuwa kwenye shina lake, ukabaki huru kutetemeka kwa namna ileile kila risasi inapopita. Darubini hukaa juu ya mwili usiovuliwa. Kitako kiko katika mstari mmoja na mtutu, kwa hiyo bunduki hurudi nyuma begani badala ya kuruka juu. Kifyatulio ni kipande kinachong’oka na kubadilishwa.

Ndiyo maana Stoner na kiwanda cha Knight walipotaka raifo ya kujipakia ya usahihi waliirudia AR-10 na kuita zao lao SR-25, jina lililotokana, kwa hesabu nyepesi, na kumi kujumlishwa na kumi na tano. Kutoka hapo ikazaliwa M110, iliyoingizwa rasmi katika jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2008.

Kati ya kaka hao wawili, mkubwa na mdogo, uamuzi si rahisi kama unavyoonekana. AR-15 ina faida ambayo wanunuzi wapya huidharau: vipimo vyake vimefuata michoro ya kijeshi, na kipande kutoka kiwanda kimoja kwa kawaida huingia katika bunduki ya kiwanda kingine. AR-10 haikupata kuwa na kipimo kimoja. Viwanda mbalimbali viliinakili kila kimoja kwa njia yake, na mtu anayenunua mwili huku na mtutu kule anaweza kujikuta na vipande ambavyo haviwezi kuoana. Kwa upande mwingine risasi ya AR-15, yenye uzito wa gramu nne tu, husukumwa ovyo na upepo ikishavuka mita 400, wakati ile ya gramu 9.5 ya kaka yake hushika njia.

Kwa hiyo anayeshindana katika viwanja vya shabaha vya Marekani, ambako sheria za majimbo mengi zinaruhusu, na anayehitaji kupiga shabaha kadhaa kwa muda mfupi, atakuwa amechagua vyema akiichukua AR-15 kwa umbali wa kati na AR-10 ya kiwanda kimoja, kamili, kwa umbali mrefu. G3, FAL, M14, SAR na SMG ataziachia wakusanyaji wa historia.

Hata hivyo, yote hayo ni hesabu ya kupunguza hasara. Katika kila raifo ya kujipakia, sehemu ya gesi huchotwa, au bolti huachiwa irudi, ili kazi ya kupakia ifanyike bila mkono wa mtu. Kazi hiyo huleta mwendo, mwendo huleta mtikisiko. Raifo ya bolti, ile ambayo mlengaji huinua na kuvuta komeo kwa mkono wake baada ya kila risasi, haina kinachotembea mpaka risasi iwe imekwisha kutoka. Kwa fedha ileile, bolti hulenga vizuri zaidi, hubeba risasi nzito zaidi na humtesa fundi kidogo zaidi. Mlengaji wa kujipakia hulipa gharama hiyo yote kwa ajili ya kitu kimoja: risasi ya pili iliyo karibu.

Rufiji yenyewe inalo somo la kale juu ya risasi ya kwanza. Januari 4, 1917, huko Beho Beho, ndani ya eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyekuwa na umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi ya mlengaji wa upande wa Wajerumani. Askari wa miguu wa pande zote mbili katika vita hivyo walibeba raifo za bolti, na kati ya zile walizoanza nazo askari wa Kijerumani nyingi zilikuwa za modeli ya 1871, zenye baruti ya kutoa moshi mweupe unaomfichua mpigaji.

Sasa turudi kwa mkulima wa Mtawanya, na tuulize risasi ya pili atamfanyia nani.

Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania, ulioonyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mashambulizi yalizidi katika miezi ya kuvuna, Machi hadi Mei, na mnyama aliyekuwa kiungo cha yote hayo ni nguruwe pori. Nguruwe hufuata mazao, mkulima hulala shambani kuyalinda, na simba huja akimfuata nguruwe. Anayekutwa katika dungu bovu au kibanda kisicho na mlango hugeuka kuwa windo.

Katika mazingira hayo umbali ni hatua, wala si mamia ya mita. Ni usiku, ni katikati ya mpunga au matete, na anayelenga ameamka ghafla. Darubini ya kupigia mita 600 haioni kitu. Kinachohitajika ni bunduki inayomkaa begani mwenye nayo, inayotoa moto bila kushindwa, yenye risasi inayomaliza kazi.

Hilo la mwisho ndilo linaloondoa SAR na AR-15 kabisa. Nguvu ya risasi ya SAR na SMG inapotoka mdomoni ni jouli 2,000 hivi. Ya AR-15 ni kiasi cha 1,700. Ya G3 na AR-10 hufika 3,400. Raifo ya .375, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912, hutoa zaidi ya jouli 5,700, na ile ya .458 iliyozoeleka mikononi mwa maofisa wanyamapori hukaribia 6,600. Kanuni za uwindaji nchini huitaja .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama wa hatari kama simba na nyati, na haziruhusu mwindaji kutumia bunduki ya kujipakia. Simba aliyejeruhiwa na risasi nyepesi ni hatari kuliko simba mzima. Atakayelipa ni mtu wa kijiji cha pili, asiyejua kwamba jana usiku kuna aliyefyatua. Na raifo za kujipakia za risasi nzito kiasi hicho ni adimu hata katika maduka ya nje.

Sheria nayo ina neno. Tanzania ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ambayo inazitaka nchi husika kupiga marufuku kabisa raia kumiliki raifo za otomatiki na zile za kujipakia. Umiliki wa silaha nchini unatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Ombi la leseni huanzia kijijini au mtaani, hupitia kamati za ulinzi na usalama na kupanda ngazi hadi kwa msajili aliye chini ya Jeshi la Polisi. Kuunda au kubadili bunduki bila leseni ni kosa, na fundi anayefanya kazi hiyo kwa siri, hata kama ni gobore la kufukuzia ngedere, yumo ndani ya kosa hilo.

Uingereza iliziondoa raifo nyingi za kujipakia mikononi mwa raia mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford. Australia ikafuata 1996 na New Zealand 2019, kila moja baada ya msiba wake. Katika nchi hizo mashindano ya shabaha ya mbali hayakufa. Yanaendelea kwa bolti.

Yupo mmoja ambaye risasi ya pili ni haki yake, naye ni askari wa wanyamapori anayekabili genge la majangili lenye silaha. Huyo bunduki ya kujipakia inamfaa. Lakini hata kwake, raifo ya usahihi huwa ni moja katika kikosi, mikononi mwa aliyefunzwa, na uchaguzi wake hutawaliwa na jambo ambalo majarida ya nje hulitaja kwa nadra: chumvi.

Hewa ya delta, bahari na mto vinapokutana, hula chuma. Mitutu ya kijeshi hupakwa kromu ndani ili kuzuia kutu, na kromu hiyo, ambayo haitandiki sawasawa kila mahali, hupunguza usahihi kidogo. Mitutu ya mashindano haipakwi. Risasi kuu kuu za kijeshi za 7.62 kwa 39 nyingi zina fataki zenye chumvi inayobaki ndani ya mtutu. Isipooshwa siku hiyohiyo, mistari ya ndani inayoizungusha risasi huanza kulika, na bunduki iliyokuwa ya dakika tatu huwa ya dakika saba bila mwenye nayo kujua. Katika Rufiji kitambaa na mafuta vina thamani kuliko darubini ya bei kubwa.

Kwa mkulima aliyekwisha kupata leseni, mara nyingi ya shotigani na mara chache ya raifo ya bolti, yapo mambo machache yanayoongeza usahihi bila kuvunja sheria, yakifanywa na fundi mwenye leseni: kitako kikatwe kifikie urefu wa mkono wake, kifyatulio kisafishwe masizi, skrubu zinazoshika chuma na mbao zikazwe, na vilengeo vinyooshwe. Risasi ziwe za aina moja. Mchanganyiko wa zilizookotwa huku na kule hauwezi kutua mahali pamoja.

Mnyama wa hatari akionekana, taarifa hupelekwa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), ambao ndio wenye bunduki za uzito unaotakiwa. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta machozi kwa waliofiwa au kujeruhiwa, na kifuta jasho kwa walioharibiwa mazao, ingawa malalamiko kuhusu udogo wa fedha hizo na kuchelewa kwake yamekuwapo tangu mwanzo. Wanaolala shambani wanahimizwa kuinua madungu na kuyaziba pande zote, kwa kuwa simba wa 2002 hadi 2004 waliwakuta wengi wakiwa wamelala mahali pasipo na kizuizi.

Na bunduki yenyewe, iwe ya bolti au shotigani, ihakikishwe shabaha katika uwanja ulioruhusiwa, kwa risasi zilezile zitakazobebwa, kabla ya mwezi Machi, watu wanapoanza kuhamia madunguni.